Kitambaa Juu ya Kilatini

Jumamosi ile niliomba mambo mawili kanisani, na yalikuwa yanapingana. Niliomba Okoth asije nyumbani kwetu. Halafu, kabla mchungaji hajasema amina, nikaomba aje.

Alikuja saa nane mchana. Nilimwona kabla mbwa hajamwona, akipanda kilima cha Nyakoe na jua la utosi, koti lake la kazini limefungwa vifungo vyote. Kifuani alikumbatia kitabu kilichofungwa kwa gazeti. Nikajifanya nafukuza kuku.

"Kemuma, nani yule?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Msomaji wa maktaba, Mama."

"Msomaji gani ana miguu mirefu vile? Yule ni Omogere."

Omogere ndivyo tunavyomwita mtu wa ziwani, na Mama alilitamka neno hilo kama mtu aliyeuma pilipili. Nikawageukia kuku. Ningesema nini, na yule mtu ndiye niliyekuwa namwota?

Wakati ule nilikuwa nikitunza maktaba ya mjini Kisii: chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mikutano, kabati mbili za vitabu na mende wengi wasiolipa ada. Okoth alikuwa karani mkalimani mahakamani. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi, akauliza, "Dada, mna kitabu chochote cha Kilatini?"

"Tuna cha kufuga nyuki," nilimjibu.

Hakucheka. Alinieleza kwamba anataka kusomea sheria, na kwamba chuo hakimpokei mtu wa sheria bila mtihani wa Kilatini. Alikuwa amekaa seminari miaka miwili kabla ya kutoka, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa wa lugha hiyo, ila ilikuwa imeanza kumtoroka. Alipokuwa akieleza alinitazama machoni, kwa upole tu, nami nikajikuta nimeshika kalamu nikiiandikia maktaba ya Nairobi. Nairobi wakauliza Kampala. Kampala wakauliza sijui nani. Mwisho kitabu kikapatikana kwenye maktaba ya mapadri fulani, kikaja kwa reli mpaka Kisumu, kisha juu ya basi pamoja na magunia ya omena. Kilipofika kilikuwa na elimu nyingi na harufu ya samaki. Nikafunga maktaba mapema nikampelekea mahakamani mwenyewe. Niambie, ni karani gani wa maktaba anayempelekea msomaji kitabu mkononi?

Sasa kulikuwa na shida, na jina lake Mwalimu Ratemo. Alifundisha upande wa Nyamira, aliongoza kwaya yetu ya Sabato, na watu wake walikuwa wameshaanza kuongea na baba yangu habari za ng'ombe wa mahari. Kila kitabu alichoazima Okoth, Ratemo aliandika jina lake kwenye foleni ya kukingojea. Kitabu cha sarufi ya Kilatini, foleni. Kamusi, foleni. Sheria ya vitabu vya kuazimwa kutoka mbali ilikuwa wazi: kama kuna anayengoja, huongezewi muda; na ukikichelewesha hata siku moja, kadi yako inafutwa. Mtihani wa Okoth ulikuwa mwezi ujao. Na Nairobi walipopiga muhuri wa tarehe ya kurudisha, hawakuuliza nani anasali siku gani. Waliandika Jumamosi.

"Hodi," Okoth alisema.

"Karibu. Sabato njema," Tata alijibu bila kuinuka. Tata, yaani baba yangu, Mzee Onsongo, alikuwa mzee wa kanisa, na siku ya Sabato aliketi barazani kama mlinzi wa siku yenyewe.

"Asante, Mzee. Nimeleta kitabu cha maktaba. Tarehe yake ni leo."

"Leo binti yangu hafanyi kazi."

"Nikikirudisha kesho nitakuwa nimechelewa."

"Na akikipokea leo atakuwa ametenda dhambi. Mbona hukukileta jana?"

"Jana kilikuwa changu bado, Mzee. Sikuwa nimemaliza." Hapo alinitazama kidogo tu, nikaona aibu hadi vidoleni. "Lakini siku yenu inaisha jua likizama, na siku ya Nairobi inaisha saa sita usiku. Hapo katikati tuna nafasi. Nitangoja."

Tata alijikuna sikio. Nilimjua: akijikuna sikio, jibu limempendeza na hataki lionekane.

"Angojee huko nje," Mama alisema.

Hata hajamaliza, mvua ya Kisii ikashuka, ile ya mawe, isiyobisha hodi. Mgeni hafukuzwi kwenye mvua ya mawe, awe wa ziwani awe wa mbinguni. Okoth akaingia ndani, kitabu amekificha chini ya koti, yeye mwenyewe akichuruzika maji.

Kwetu moto wa jikoni haukokwi siku ya Sabato, kwa hiyo alipewa tulichopika Ijumaa: ugali wa wimbi uliokwisha kuwa mgumu na chinsaga, ile mboga yetu chungu, baridi kabisa. Alikula bila kukunja uso. Mama alivuta sahani yake, akaketi mbele yake kabisa, akawa anatafuna huku akimkagua kama ng'ombe wa mnada.

"Funga mdomo ukitafuna," alimwambia.

"Ndiyo, Mama."

"Wewe nakula mumi? Ile samaki haina magamba?"

 Kwa Wasabato samaki asiye na magamba ni najisi, na Okoth alilijua hilo. Nilimkodolea macho: kataa, mwanamume, kataa!

"Nikimpata, Mama," alisema.

"Nyasae one!" Mama alimwita Mungu wake.

"Lakini hapatikani kila siku," aliongeza, kana kwamba hilo lingesaidia.

"Na nasikia ulikuwa seminari, unataka kuwa padri?"

"Miaka miwili, Mama."

"Halafu ukaacha. Mtu ameacha Mungu, ataacha mtoto ya watu?" Mama aliinuka, akishika goti lake la kushoto ambalo lilimsumbua kila mvua ilipokaribia. Okoth akasimama haraka, akamsogezea kiti chenye mgongo alichokuwa amekalia.

"Keti hapa, Mama, goti lipumzike."

"Aka! Nani amekwambia mimi nimezeeka?" Akaenda kusimama mlangoni kwa goti lile lile, kwa ukaidi tu. Kutoka pale alichungulia uani, akageuka kwa furaha. "Baba Kemuma! Kuku wameingia! Jua limezama, Sabato imekwisha. Kemuma achukue kitabu, mtu aende zake."

"Kuku wamekimbia mvua," Tata alisema.

"Kuku hawadanganyi."

"Hawadanganyi, lakini wanalowa. Saa tisa haijafika." Kisha akamgeukia Okoth. Nadhani alitaka tu kuyamaliza maneno ya kuku. "Kitabu chenyewe ni cha nini?"

"Ni Injili, Mzee."

"Injili!" Tata alijinyoosha. "Kwa lugha gani?"

Okoth alifungua gazeti taratibu. "Kurasa za kushoto ni Kigiriki. Za kulia ni Kilatini."

Tata aliruka kama aliyekalia siafu. "Kilatini! Lugha ya Papa! Nyumbani kwangu, siku ya Sabato!"

"Na kinanuka samaki," Mama alisema kutoka mlangoni.

"Lakini Kigiriki, Mzee," Okoth alisema kwa upole, "ndicho walichoandikia mitume."

Najua baba yangu aliteseka wakati ule. Maisha yake yote alikuwa amesikia wachungaji wakisema "katika Kigiriki neno hili lina maana hii", na hakuwahi kukiona hicho Kigiriki kwa macho yake. Sasa kilikuwa mezani pake, kimelala kitanda kimoja na Papa. Alijikuna sikio la kwanza, akajikuna la pili. Kisha akatoa mfukoni kitambaa chake cheupe cha kanisani, akakikunjua, akaufunika ukurasa wa kulia wote, akakilainisha kwa kiganja.

"Sasa soma," aliamuru. "Wa kushoto."

"Na kusoma si kazi?" Mama aliuliza.

"Kusoma Neno si kazi. Kukipokea kitabu ndiyo kazi. Soma, kijana."

Okoth akasoma. Mpaka siku hiyo, ukiacha ile siku ya kwanza, nilikuwa nimemsikia akisema "asante, Dada Kemuma" na "kitarudi lini, Dada Kemuma" tu. Sikujua kwamba sauti ya mtu inaweza kumshika mwenzake mkono bila kumgusa. Sikuelewa hata neno moja, na nilitaka asiache. Nampenda, nilijiambia, Mungu anisamehe, nampenda huyu mtu na mumi wake.

Alisoma mstari, akaueleza kwa Kiswahili, akasoma mwingine. Ndipo nikakiona kidole chake kidogo. Kila alipokwama kwenye Kigiriki, kile kidole kilinyanyua pembe ya kitambaa, jicho likapenya chini kuuliza Kilatini, halafu kitambaa kikarudi mahali pake kwa adabu. Macho yetu yakakutana. Aliniona nimemwona. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikakohoa kwa nguvu ili kicheko kisipate njia.

"Una kifua?" Tata aliuliza.

"Vumbi, Tata." Na nje mvua ilikuwa inamiminika.

Okoth alifika pahali Bwana alipotoka kusali siku ya Sabato akaingia nyumbani kwa Simoni. "Na humo ndani," alieleza, "mama mkwe wa Simoni alikuwa amelala, ana homa. Kwa Kigiriki, mama mkwe ni *penthera*."

"*Penthera*," Tata alirudia, akilionja.

"Ngoja," Mama alisema. Alikuwa ametoka mlangoni bila sisi kujua, amesimama nyuma yetu. "Amelala wapi?"

"Nyumbani kwa Simoni, Mama."

"Kwa mkwe wake?"

"Ndiyo."

"Kitandani?"

Okoth alikitazama kitabu kwa wasiwasi. "Inaonekana ni kitandani, Mama."

"Hawakuwa na haya!" Mama alipiga makofi. Habari hiyo tulikuwa tumeisikia kanisani miaka yote, lakini wachungaji hukimbilia uponyaji. Hakuna aliyewahi kusimama hapo kwa yule mama akatuuliza amelala kwa nani. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Hampi mkono, hasemi naye uso kwa uso, sembuse kulala nyumbani kwake! Ukiona mama mkwe na mkwe wanacheka pamoja, ujue mmoja amelewa.

"Wayahudi walikuwa na desturi zao," Tata alisema.

"Desturi gani! Na huyu Simoni alikuwa mtu ya wapi?"

 Okoth alitazama kitabu, akatazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Wa ziwani, Mama," alisema. "Mvuvi."

Tata alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, na Okoth akawa anajizuia mpaka machozi yakamtoka. Mama peke yake hakucheka.

"Na huyo mama alikubali kumpa binti?"

"Alimpa."

"Mtu ya samaki?"

"Wa samaki, Mama."

"Na alipougua, huyo mkwe alifanya nini? Alikaa tu akimtazama?"

Okoth hakuharakisha. Alikinyanyua kitambaa waziwazi sasa, akahakikisha, akakirudisha. "Walimwambia Bwana habari zake papo hapo. Watu wengine wa mji ule waliogopa Sabato, Mama. Walingoja jua lizame ndipo wakaleta wagonjwa wao. Lakini kwa mama mkwe wa Simoni hawakungoja jua lizame."

 Mama aliketi polepole kwenye kiti chenye mgongo kilichokuwa wazi tangu alipokikataa, akawa anasugua goti lake. Kuku walitoka kwenda uani mvua ilipokatika, wakala kidogo, wakaingia tena, na safari hii Mama hakutuambia.

Jua la kweli lilipogusa kilima, Mwalimu Ratemo alifika, mwavuli mkononi, viatu vinang'aa. Mama aliinuka kumpokea. Ratemo akamsalimia vizuri, akaketi kwenye kile kiti chenye mgongo, akakunja nne. Mama alikitazama kiti, akamtazama yeye, akabaki amesimama.

"Mzee, jua limezama," Ratemo alisema. "Nimepita kuchukua kitabu changu. Ni zamu yangu."

Ilikuwa zamu yake kweli. Tuliomba sala ya kufunga Sabato, nikatoa kwenye kikapu muhuri wa tarehe na kidau cha wino, maana vitu hivyo sikuviacha mjini watoto wavichezee. Okoth alinikabidhi kitabu kwa mikono miwili. Vidole vyetu vikagusana chini ya jalada, vyake baridi.

"Asante kwa kukitafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mtu aliyewahi kunitafutia kitu mbali hivyo."

 Mtihani ulikuwa unaondoka na mwavuli wa Ratemo, na mimi ndiye niliyepaswa kuukabidhi, kwa mkono wangu. Kama ningekosa uaminifu hapo, Okoth mwenyewe angenidharau. Nikampa Ratemo kitabu.

"Vizuri," Tata alisema, akiwasha taa. "Mwalimu, fungua. Endelea pale alipoachia. Kushoto."

"Nini, Mzee?"

"Kigiriki. Tulikuwa tumefika pazuri."

Ratemo alifungua. Aliutazama ule ukurasa kama mtu aliyeletewa sahani ya mwingine. "Mzee, taa hii ni hafifu."

Tata akapandisha utambi. Nyumba ikawaka.

"Ni macho, Mzee. Miwani yangu nimeisahau."

"Sijawahi kukuona na miwani."

"Ndiyo maana sioni."

"Si neno," Tata alisema, na naapa hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na hamu tu. "Utajiandaa. Sabato ijayo utatusomea kanisani mbele ya watu wote, nami nitasimama karibu nawe nifunike upande wa Papa. Kila Sabato, mpaka kitabu kiishe."

Jasho lilimtoka Ratemo chini ya pua. Alifunga kitabu, akakiweka mezani, akakisukuma kwangu kwa ncha za vidole. "Kemuma, nimekumbuka. Wanafunzi wangu wana mitihani. Futa jina langu kwenye foleni."

"Ya kitabu hiki?"

"Ya vyote."

Akaaga, akafungua mwavuli, na mvua ilikuwa imekwisha zamani.

Tata alikaa akifikiri. "Sasa vile vingine alikuwa akivichukulia nini?"

"Sijui, Tata," nilisema, nikikitazama kidau cha wino.

"Na wewe!" Alimgeukia Okoth. "Umenyanyua kitambaa changu alasiri nzima. Unadhani mimi ni kipofu?"

Okoth alisimama wima kama aliyeko kizimbani. "Kigiriki changu ni kidogo, Mzee. Kilatini ndicho kilikuwa kinaniokoa."

"Hm," Tata alisema. Akachukua kitambaa chake, akakikunja mara mbili, akakirudisha mfukoni. "Angalau hukusingizia miwani."

Moto ulikuwa umewashwa, nikapakua chakula cha moto. Watu wawili mezani, nafasi ya Mama tupu. Nilimkuta jikoni, gizani, leso ameivuta mpaka kwenye paji la uso, sahani iko magotini.

"Mama, mbona huji kula?"

"Nitakulaje mbele yake?"

"Mama! Mchana ulikula mbele yake. Ulimwambia afunge mdomo akitafuna."

"Mchana alikuwa msomaji wa maktaba," Mama alisema, akaendelea kula.

 Kisha nikarudi sebuleni, sijui kwa miguu ya nani, nikafungua kitabu. Hakukuwa na aliyengoja, kwa hiyo sheria iliniruhusu kuongeza wiki tatu. Nikazungusha muhuri, nikagonga. Tata akainama kusoma tarehe.

"Hiyo ni Jumamosi tena."

"Wiki tatu kutoka Jumamosi ni Jumamosi, Tata."

"Basi atangoja jua lizame," Tata alisema, akajikuna sikio.

Sauti ya Mama ikaja kupitia ukuta wa jikoni, kubwa, bila kumtaja mtu. "Aje mapema! Na aje na mtu ya kwao anajua kuongea. Mimi siwezi kuongea na yeye."

Kijiko kilimwanguka Okoth. Hata kwao ziwani mkwe na maro wake, yaani mama mkwe, hukwepana njiani, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Alifungua mdomo ajibu, akakumbuka, akaufunga. Aliinamisha kichwa kuelekea ule ukuta, kwa heshima, kama aliyeko kanisani, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mwambie nimesikia," alininong'oneza.

"Mama, amesikia."

"Najua. Mwambie ale, chakula kinapoa."